Watoto wa Jiji Moja: Ilani ya Walimu, Wazazi na Wanafunzi wa Magharibi ya Nairobi

Sisi ni walimu, wazazi na wanafunzi wa shule za katikati ya jiji la Nairobi na za mitaa ya magharibi, kuanzia Parklands na Westlands hadi Kangemi na Uthiru, kuanzia Kilimani na Lavington hadi Kawangware, Kabiria na Kibera. Tumekutana, tukabishana sana, na mwishowe tukaafikiana kuanzisha vuguvugu hili kwa sababu moja. Kuzungumza, kuishi na kufanya kazi na mtu ambaye lugha, dini na desturi zake si zako ni ufundi. Ufundi hauji kwa sababu mtu kazaliwa mahali fulani. Hufundishwa, hurudiwa, hukosolewa, hadi mkono ukazoea. Nairobi imewakusanya watoto wa kila namna mahali pamoja, kisha ikawaacha wajifundishe wenyewe. Wanachojifundisha tunakiona, na hatukubali kiendelee.

Anayetaka ushahidi aje Gitanga Road asubuhi kabla ya saa moja. Wanawake wanatoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa, wengi wamevaa viatu vya kutembelea, na vya kazini wamevitia mfukoni. Wanaokoa nauli. Mabasi ya shule ya rangi ya manjano yanawapita, na ndani yake mna watoto ambao jioni watapikiwa na kuogeshwa na wanawake hao hao. Mtoto humwita mama huyo anti. Hajui kwao ni wapi, husali wapi, ana watoto wangapi, wala huzungumza lugha gani akipigiwa simu na mamake. Anachokijua barabara ni namna ya kumwagiza: lete maji, viatu vyangu viko wapi, fungua mlango. Huyo anti ndiye mtu wa kwanza wa jamii nyingine ambaye mtoto huyo amewahi kukaa naye kwa karibu, na somo la kwanza la mawasiliano alilolipata ni amri isiyo na salamu. Kule Kawangware nako, mtoto wa mama yule amejifunza lake. Amejifunza kwamba watu wa ng'ambo ile hawana haja ya kumjua. Siku atakapokutana nao chuoni au kazini, atanyamaza, au atajibu kwa hasira iliyolala moyoni miaka mingi.

Ni vigumu kupata mitaa yenye nafasi nzuri kuliko hii yetu ya kuufundisha ufundi tunaousema. Kibera ilianza na Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, na iliwachukua zaidi ya karne moja kupewa hatimiliki ya ekari 288, Juni 2017. Parklands na Highridge, familia za Kihindi zimekaa kwa vizazi, na mwezi mmoja tu baada ya hatimiliki ile serikali ikawatangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Kawangware, Kabiria na Riruta zimewapokea watu waliokimbia vita vya Kongo, Rwanda na Burundi. Kilimani utawakuta Wahabeshi, Wasudani Kusini na Wachina. Kangemi imejaa Waluhya, na Dagoretti ni nyumbani kwa Wakikuyu tangu jadi. Kuna nchi zinazotumia pesa nyingi kuwavusha wanafunzi bahari wakaone watu wengi kiasi hiki. Sisi tunapanda matatu nambari 46 au 23.

Lakini hatupandi. Mtoto wa Loresho anaweza kumaliza shule bila kuingia Kangemi hata siku moja, ilhali mitaa hiyo inapakana.

Utengano huu una historia, na tunataka kila mwanafunzi aijue, kwa maana majengo yake bado yamesimama na mengine ndiyo tunayofundishia. Ile inayoitwa leo Nairobi School, kando ya Waiyaki Way, ilihamia hapo mwaka 1931 ikiitwa Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu. Lenana, huko Ngong Road, ilianzishwa mwaka 1949 kwa jina la Duke of York, nayo ni ya Wazungu vilevile. Kenya High ya Kileleshwa ilikuwa ya wasichana wa Kizungu. Jamhuri, kule Ngara, iliitwa Duke of Gloucester na ilikuwa ya wavulana wa Kihindi. Mwafrika alikuwa na zake, zenye vyumba vichache na vitabu vichache zaidi. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo akasoma. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri sana kwamba watoto wakisoma pamoja watajuana, na wakijuana hawatatawalika kwa urahisi.

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa ripoti yake mwaka 1964, ikataka shule zisibague kwa rangi na umoja wa taifa uwe msingi wa elimu. Milango ilifunguliwa. Tunawashukuru waliopigania hilo, na hatuna nia ya kulidharau. Lakini mlango ukifunguliwa, wale wanaoingia wanahitaji kufundishwa namna ya kukaa pamoja humo ndani, na hilo halikufanywa. Kisha mlango wenyewe ukaanza kufungwa tena, polepole, kwa njia nyingine. Leo mtoto hazuiwi langoni kwa rangi yake. Anazuiwa na stakabadhi ya benki. Karo ya muhula mmoja katika baadhi ya shule za Lavington na Karen inapita mapato ya mwaka mzima ya mzazi wa Kawangware. Kwa hiyo watoto wamegawanywa upya, na safari hii hakuna sheria tunayoweza kwenda kuipinga mahakamani.

Hata lugha ya vijana imefuata ramani hiyo. Mwaka 1997 wanaisimu Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika juu ya Sheng, iliyokulia Eastlands ikiegemea Kiswahili, na juu ya Engsh, iliyokulia kwa vijana wa mitaa ya kitajiri ya magharibi kama Westlands ikiegemea Kiingereza. Tangu hapo lugha hizo zimechanganyika sana, lakini sikio la Nairobi bado linapima. Kijana akifungua kinywa, msikilizaji ameshajua nauli aliyolipa kufika hapo.

Sasa tuingie darasani.

Shule nyingi zina siku ya utamaduni. Watoto huvaa shuka, shanga, leso na sari. Vyakula hupangwa mezani, wazazi hupiga picha, mgeni wa heshima huhutubia juu ya urithi wetu. Hiyo ni Ijumaa. Jumatatu, mtoto yule yule aliyevishwa shanga za nyanyake anasikika akisema neno moja la lugha ya nyanyake karibu na mfereji, na anavishwa diski. Wasiojua diski wajue: ni kibao au kipande cha bati chenye kamba, huvaliwa shingoni na aliyekamatwa akisema lugha ya mama, mahali pengine hata Kiswahili, na hukaa naye mpaka atakapomnasa mwenzake amkabidhi. Atakayekutwa nayo jioni ataadhibiwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika juu ya vibao hivyo katika shule za kikoloni. Tunaandika juu yake tena kwa sababu havijaisha. Diski humfundisha mtoto mambo mawili kwa pamoja: kwamba lugha ya kwao ni kosa, na kwamba kazi yake ni kumvizia mwenzake. Hakuna siku ya utamaduni inayoweza kufuta mafunzo hayo.

Kisha kuna kicheko. Mtoto wa Kikuyu akichanganya r na l, wa Kiluhya akitamka p mahali pa b, darasa zima linapiga kelele kwamba ameshrabu, yaani lafudhi ya kwao imemponyoka. Tumeona wanafunzi wenye akili kali wakikaa muhula mzima bila kuinua mkono kwa kuogopa kelele hiyo. Mwanafunzi aliyetoka Bukavu, Kongo, anasimama kusoma insha yake kwa Kiswahili cha kwao, hajafika sentensi ya pili, watu wamelala juu ya madawati kwa kucheka, na mwalimu anatabasamu nao. Kiswahili amekizungumza tangu alipojua kusema. Kimevuka maziwa na misitu kufika kwao, kikajenga masoko na makanisa huko, na sasa anaambiwa na watoto wa Nairobi, ambao wenyewe hukosea ngeli kila sentensi, kwamba hajui lugha.

Lipo jambo dogo zaidi ambalo ni rahisi kulipuuza. Mwalimu anamhoji mwanafunzi juu ya kitabu kilichopotea. Mwanafunzi ameinamisha macho chini. Kwao, mtoto hamkazii macho mtu mzima anayemkemea. Huo ni utovu wa adabu. Mwalimu naye kwa mafunzo yake anaamini kwamba asiyetazama mtu usoni anaficha kitu. Mtoto anaadhibiwa kwa heshima yake. Hakuna mbaya pale. Pana watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufundishwa kwamba mwili nao una lugha, na kwamba lugha hiyo hutofautiana baina ya nyumba na nyumba.

Na lipo swali ambalo kila mtu wa Nairobi analijua: jina lako la pili ni nani? Huulizwa kwa tabasamu, mara nyingi katika dakika ya kwanza ya kujuana, na kila anayeulizwa anajua kinachotafutwa. Ni swali lile lile lililoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vitambulisho vikikaguliwa, wakati watu 1,133 walipouawa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza mauaji hayo. Kibera iliungua wakati huo. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani wa Kawangware waligeukiana, na vibanda na nyumba zikachomwa. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati huo sasa ni vijana. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Tunalisema hili wazi kwa sababu kuna wanaodhani vuguvugu letu ni la adabu za mezani.

Tunakumbusha pia kwamba sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, utamaduni, lugha, hata mavazi yake. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, na kifungu cha 7 kinalitaka taifa likuze lugha za Kenya, Lugha ya Ishara ya Kenya ikiwemo. Januari 2019, msichana wa familia ya Kirasta alirudishwa nyumbani na shule moja ya sekondari huko Kibera kwa ajili ya rasta zake alizozifunika kwa kilemba. Babake alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urasta ni imani inayolindwa na Katiba na kwamba msichana huyo arudi darasani. Tunaipongeza hukumu ile. Lakini fikirini juu ya miezi yote iliyopita kati ya lango la shule na meza ya jaji. Mwalimu mkuu mmoja, akiwa amefundishwa kumwuliza mzazi swali kwa upole na kusikiliza jibu lote kabla ya kutoa uamuzi, angeyamaliza yote kwa kikombe kimoja cha chai ofisini.

Hiyo ndiyo kazi tunayotaka shule ziifanye, na tunataka ieleweke kwamba ni kazi yenye vipengele vinavyoweza kufundishwa na kupimwa. Mwanafunzi afundishwe kuuliza bila kupekua. Afundishwe kumsikiliza mtu mpaka mwisho hata kama lafudhi yake ni ngeni. Ajue kueleza desturi ya kwao kwa mtu asiyeijua, bila aibu na bila majivuno, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tukiulizwa kwa nini tunafanya hivi au vile, hujibu tu kwamba ndivyo tulivyokuta. Ajue kukataa chakula, mkono au mwaliko bila kumvunjia mtu heshima, maana kuna dada ambaye dini yake haimruhusu kumpa mwanamume mkono na kuna rafiki anayefunga Ramadhani wakati wa mechi za shule. Ajue kuomba radhi akiteleza, kisha aendelee na mazungumzo badala ya kukimbia. Na ajue kusalimia. Tunaanza na salamu kwa mlinzi, kwa dereva, kwa anti, kwa mpishi wa shule, kwa jina lake, kabla ya ombi lolote.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Kuheshimu utamaduni hakuna maana ya kunyamazia kila linalofanywa kwa jina lake. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya 2011, na hatutamfundisha msichana yeyote kwamba anapaswa kuuvumilia kwa ajili ya mila. Hatutamwambia mvulana kwamba kumdharau dadake ni urithi. Tunachotaka ni wanafunzi wanaoweza kuipinga desturi bila kuwatukana watu wake, na wanaoweza kusikia desturi yao wenyewe ikipingwa bila kushika panga. Hapo ndipo ufundi huu hupimwa kweli. Kula samosa pamoja ni rahisi.

Swali la mahali pa kuanzia lilijibiwa zamani, hapa hapa katikati ya jiji. Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe: Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, ambaye asili yake ni kaskazini, Uganda na Sudan. Hawakutaka vitabu vya Ulaya vichomwe. Walitaka mwanafunzi wa Nairobi asimame Nairobi anapoutazama ulimwengu: aanze na fasihi simulizi ya kwao, na ya jirani, na ya Afrika, kisha aende mbali. Tunachukua mpangilio huo. Kuna shule katika mitaa yetu zinazolipa wataalamu kuwafundisha wanafunzi namna ya kuishi London, Dubai au Toronto. Ni jambo jema, na wengi watakwenda huko. Lakini mwanafunzi anayejua kumwandikia profesa wa Kanada barua ya heshima na hajui kumwambia pole mwanamke aliyefiwa Kangemi, hajafundishwa mawasiliano. Amefundishwa namna ya kupata viza.

Jiji lenyewe ni kitabu. Kwa asubuhi moja, kwa miguu, darasa linaweza kutoka Msikiti wa Jamia likapita Msikiti wa Khoja, likafika Kanisa Kuu la Holy Family, likamalizia kwenye sinagogi iliyo pembeni mwa University Way na Uhuru Highway. Wakiwa na saa zaidi, waende Ngara kwenye gurdwara, wafunike vichwa, waketi sakafuni na wapokee chakula kile kile kinachopokewa na kila mgeni. Hatuwapeleki kutalii. Tunawapeleka wajifunze kuvua viatu bila kuambiwa, kuomba ruhusa kabla ya kutoa simu na kupiga picha, na kukaa kimya mahali ambapo wenzao wanasali. Kila mahali watamkuta mwenyeji, na kila mmoja wao atakuwa amejiandaa na swali moja la kweli.

Katika safari hiyo wasikose Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, ambamo mmehifadhiwa sanaa na vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi. Tunataka watoto wamjue mtu huyu. Babake alikuwa Mgoa na mamake Mmasai. Alisomeshwa India, akarudi, akapigania uhuru, akawa makamu wa rais mwaka 1966 kwa miezi michache kisha akajiuzulu. Alitumia maisha yake kukusanya kazi za mikono za makabila mbalimbali ya Afrika zisipotee. Rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, aliwekwa kizuizini na wakoloni kwa kusaidia Mau Mau, na Februari 1965 akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake hapa Westlands. Wote wawili wamezikwa City Park, Parklands, makaburi yao yakiwa karibu. Mwanafunzi anayesimama pale akiwa na mwenzake wa kabila jingine anapata jibu kwa mtu yeyote atakayemwambia kwamba Mkenya halisi ana jina la namna moja.

Tunajua vilevile kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba makundi yanapokutana, chuki hupungua ikiwa wanakutana wakiwa sawa kwa hadhi, wana lengo moja, wanalifanyia kazi kwa ushirikiano, na wakubwa wao wanawaunga mkono. Tukizipima ziara za shule zetu kwa masharti hayo, nyingi zinaanguka kwenye lile la kwanza. Shule yenye karo kubwa huenda Kawangware na unga, sabuni na nguo kuukuu. Wanafunzi wa huko hupangwa mstari, huimba wimbo wa shukrani, picha hupigwa, basi linaondoka kabla ya foleni ya jioni. Mtoto aliyetoa amejifunza kwamba yeye ni mtoaji. Mtoto aliyepokea amejifunza kushukuru mbele ya kamera. Hawakuambiana majina. Vuguvugu letu halitashiriki ziara ya namna hiyo, na tunaziomba shule wanachama ziache.

Badala yake tunataka kazi ya pamoja, na kazi iko karibu. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita Dagoretti, unapita kati ya Kawangware na Kangemi, unashuka hadi Kileleshwa na Chiromo, kisha unaingia jijini. Kila shule yetu iko karibu na mto huu au na kijito chake. Shule mbili jirani zitachukua kipande kimoja na kukishughulikia kwa muhula mzima: kuchora ramani yake, kuwahoji wazee wa pande zote mbili juu ya walivyoujua zamani, kuchunguza uchafu unaingia kutoka wapi, na kuandika ripoti moja yenye majina ya wote, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hapo watagombana. Watoto wa Lavington watasema uchafu unatoka Kawangware, na watoto wa Kawangware watauliza maji machafu ya nyumba kubwa yanaishia wapi. Mwalimu asiuzime ugomvi huo. Akae nao, awafundishe kuufanya vizuri, ripoti iandikwe.

Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala tunasema hivi. Mtaala wa umilisi umeweka mawasiliano na ushirikiano pamoja na uraia kati ya umilisi saba wa kimsingi, na malengo ya kitaifa ya elimu yanataja heshima kwa tamaduni mbalimbali. Maneno hayo ni mazuri. Tunataka yapate saa kwenye ratiba, mwongozo wa mwalimu, na namna ya kuyatathmini. Somo la huduma kwa jamii katika sekondari ya juu linafaa kubeba kazi hii, iwapo halitageuka kuwa kuokota takataka uwanjani ili kujaza fomu. Kwa vyuo vya ualimu tunasema: hakuna mwalimu anayepaswa kuja kufundisha Nairobi bila kujua namna majina ya Kisomali yanavyopangwa, au Idd na Diwali huangukia lini, au la kufanya darasa linapomcheka mtu kwa lafudhi.

Kwa wakuu wa shule, diski ziondoke muhula huu. Hili halihitaji waraka wala bajeti. Kiingereza kitaendelea kufundishwa, na kufundishwa vizuri, na watoto wakisahihishwa kwa upole watakijua zaidi. Majina ya wanafunzi yasomwe gwarideni kama wenye majina wanavyoyatamka. Asiyejua amwulize mtoto kabla, pembeni. Kwa wazazi tunasema kwamba mtoto huiga sauti ya nyumbani kabla ya ile ya mwalimu. Anayemwita jirani kwa kabila lake mezani asitegemee shule imrekebishie mtoto. Na kwenu wanafunzi, ambao bila nyinyi karatasi hii haina kazi: mnao uhodari mwingi ambao sisi hatukuwa nao. Mnavuka lugha tatu katika sentensi moja bila kujikwaa. Tunawaomba muutumie uhodari huo kumkaribisha aliye nje ya kundi, badala ya kumpima.

Uanachama ni bure na ni wa shule mbili mbili. Shule moja haiwezi kujiunga peke yake. Ni lazima ije na jirani yake ya karo nyingine, na maombi yaandikwe na walimu wa pande zote mbili wakiwa wameketi chumba kimoja. Nauli italipwa kutoka kapu moja, kila shule ikichangia kwa uwezo wake, na hesabu zitasomwa mbele ya wanafunzi. Kamati za kila jozi zitaongozwa kwa zamu, na muhula wa kwanza mwenyekiti atatoka shule ya karo ndogo. Ziara zote zitakwenda pande zote mbili kwa idadi sawa. Ya kwanza itatoka Lavington kwenda Kawangware, kwa matatu, mikono mitupu, na wenyeji ndio watakaopanga siku, mada na chakula.